Msimu wa Kuidai Bunduki ya Baba

Jumapili, 10 Novemba 2024

Joto limevunjika. Leo asubuhi nimezima kiyoyozi, nikafungua dirisha, na kaka yangu Ghanim hakugombana na mie kwa kuingiza vumbi. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Jambo lenyewe limekuja kwenye simu: mahakama imemkubalia. Hapa wanaita radd itibar, yaani mtu aliyewahi kuhukumiwa anarejeshewa heshima yake kisheria na jina lake linasafishwa. Ghanim kanisomesha ujumbe ule mara tatu. Nilipomaliza mara ya tatu kasema, "Sasa bunduki." Hata alhamdulillahi hakuitanguliza.

Wacha niandike ilivyokuwa tangu mwanzo. Marehemu baba alitoka Unguja mwaka wa mapinduzi na nguo alizovaa. Alipopata kazi ya ulinzi Dubai, kitu cha kwanza kununua, hata godoro bado, kilikuwa bunduki. Alisema hatalala tena kwenye nyumba isiyo na bunduki. Tukapata uraia, tukapata nyumba hii ya Al Warqa, baba akafariki, na bunduki ikamwangukia Ghanim pamoja na kibali chake. Ghanim ndiye aliyekuwa akiirusha kwenye razfa, ngoma ya wanaume ya arusini: safu mbili zinatazamana, mmoja yuko katikati anairusha bunduki juu na kuidaka. Hakuna aliyemfikia. Nimewahi kwenda arusi za watu nisiowajua ili nimwone tu kaka yangu anavyoidaka.

Kisha ikaja arusi ile ya Al Khawaneej. Ngoma imekolea, kaweka risasi, kapiga hewani, jambo ambalo serikali inalikataza na yeye anajua. Risasi ya pili haikwenda hewani. Ilimpata mkononi mhudumu aliyekuwa akipitisha kahawa, kijana wa Kitanzania. Ghanim alifungwa, akalipa fidia, kibali kikafutwa na bunduki ikachukuliwa na polisi. Tangu hapo hajakanyaga arusi ya mtu.

Sasa Maan, mwanawe wa pekee, anaoa Februari. Ghanim kesha kutangaza kwamba kama hana bunduki ya baba, haji. Mama yake Maan hayupo duniani, na mie shangazi yake siwezi kukaa mahali pa baba. Kwa hiyo dua yangu msimu huu ni moja, nimwone kaka yangu kwenye arusi ya mwanawe.

Jumanne, 12 Novemba

Tumepeleka ombi la kibali kwa simu. Mie ndiye niliyebonyeza, yeye vidole vyake vinabonyeza herufi mbili kwa pamoja. Jibu limekuja papo hapo: linashughulikiwa.

Jumatatu, 18 Novemba

Linashughulikiwa.

Belinda, msichana wetu wa kazi, kaja jikoni kashika kiuno. Nasema msichana kwa mazoea tu, ana watoto wawili sekondari huko Songea. "Madam, sir amechukua tena fagio langu." Akiniita madam ujue kakasirika, siku nyingine huniita mama. Nikachungulia uani. Kaka yangu, mtu wa miaka yake, analirusha fagio hewani na kulidaka mgongoni. Mara mbili lilimpiga kichwani. Nikamwambia Belinda atumie la bafuni, nikarudi ndani kucheka. Kisha nikalia kidogo, maana ni zamani sijamwona anacheza na chochote.

Jumatano, 27 Novemba

Leo hospitali, kupimwa macho na akili. Macho yamepita. Kwenye akili daktari kamuuliza kama huwa anakasirika. Ghanim kajibu, "Na wewe huwa hukasiriki? Basi tupimwe sote." Nilidhani tumekwisha, lakini daktari kacheka na kumpitisha.

Afisa wa vibali alikuwa mpole, kijana kama Maan. Katueleza kwamba mahakama kumsafishia jina ni kitu kimoja, na kamati ya silaha kumpa kibali ni kitu kingine, wala hawalazimiki. Ila ingesaidia kama aliyeumia atasema mwenyewe kwamba hana kinyongo. Njiani Ghanim alitazama nje mpaka taa za Mirdif. Ndipo kaniuliza, "Yule kijana anaitwa nani vile?"

Nami sikulijua jina lake. Tulikaa naye ukumbi mmoja wa mahakama kesi nzima, na sote wawili hatulijui jina lake.

Jumatatu, 2 Desemba

Sikukuu ya taifa. Fataki zimepigwa mpaka mbwa wa jirani kajificha chini ya gari letu. Ghanim kapanda juu ya paa kutazama, kashuka na uso wa furaha kama katoka kula.

Jumapili, 8 Desemba

Nimempata. Na nimempata jikoni kwangu. Nilikuwa namlalamikia Belinda kwamba mtu mwenyewe keshapotea, labda karudi kwao, na Belinda huku anakuna nazi kasema, "Protas? Hajarudi. Tunaimba naye kwaya moja kanisani."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Hamjawahi kuniuliza, mama."

Basi leo tumekwenda Al Qusais, wanawake wawili na sinia la halwa limefunikwa kawa. Kwetu ndivyo tunavyofanya: jambo zito hulipeleki na mwanamume moja kwa moja, wanatangulia wanawake kulainisha. Belinda kwenye teksi kacheka mpaka dereva kageuka. "Mama, tunaenda kumposa Protas?"

Anaishi kwenye majengo ya wafanyakazi nyuma ya maghala, siku hizi anakagua mizigo kwenye ghala moja. Katupokea kwenye kantini yao, kavaa shati la kanisani. "Shikamoo mama." Kanivutia kiti kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ndio ulioumia, vidole viwili vya mwisho vimenyooka na havikunjiki. Nikajaribu kutoutazama. Nikaona naye anajaribu kunisaidia nisiutazame, anauweka chini ya meza.

Nikamsomea maneno yote niliyoyapanga, ya kheri na ya uzee na ya ndoa ya kijana wetu. Kanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi nilishamsamehe. Nilisema tangu nikiwa hospitali, nikawaambia na polisi. Sina neno naye."

"Basi utatusaidia useme tena?"

"Nitasema. Ila yeye mwenyewe hajawahi kuja. Fidia iliingia benki, sawa, nashukuru. Lakini yeye sijamwona. Ningependa aje tu siku moja anione, tusalimiane. Si zaidi."

Nikamwambia atakuja, na nilisema hivyo kwa nguvu kwa sababu niliona aibu.

Jumapili, 15 Desemba

Hataki.

"Mimi niende Al Qusais? Kwenye mabweni? Nimefungwa, Shifaa. Nimelipa. Mahakama yenyewe imesema jina langu safi. Sasa niende nikapige magoti kwa mpitisha kahawa?"

"Hakusema upige magoti. Kasema akuone tu."

"Aliniona mahakamani."

Nikamwambia basi mie sishiki tena simu yake wala simpeleki popote. Kanijibu kwamba nyumba ina milango miwili na yote inafunguka. Kaka yangu anayo tabia hii, kunikumbusha kwamba nilirudi kwake mjane na sanduku moja. Kwa kawaida ananikumbusha mara moja kwa mwaka. Nimekaa chumbani mpaka hasira imepoa, na baada ya kupoa nikaanza kumtetea mwenyewe moyoni. Nimesema ana haya. Mtu mwenye haya nyingi huonekana kama mtu mwenye kiburi.

Jumatano, 18 Desemba

Ukungu asubuhi nzima, hata msikiti wa jirani hauonekani. Linashughulikiwa.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Maan kaja kutoka Jumeirah Village Circle, alikopanga nyumba watakayohamia yeye na mchumba wake Atheer. Kaleta samaki, tukakaa kula vizuri, na kwenye matunda wakaanza.

"Baba, njoo na fimbo kama wazee wenzako. Nusu ya safu wanashika fimbo. Hakuna atakayekuuliza."

"Fimbo ni ya kuchungia mbuzi."

"Babu yake Atheer anashika fimbo."

"Ndiyo, na kwao walikuwa na mbuzi."

Maan kainuka kaenda kunawa, kabaki huko bafuni muda mrefu. Nikamfuata. Kajiegemeza kwenye sinki, maji yanakwenda bure. Nikamwambia asivunjike moyo, ombi liko njiani, linashughulikiwa. Kanitazama kwenye kioo, kasema, "Inshallah, shangazi." Nikaona kachoka zaidi ya kijana anayeoa.

Jumapili, 12 Januari

Kaenda! Jana usiku kasema tu, "Kesho nipeleke kwa huyo mtu wako," na leo asubuhi kavaa kanzu mpya na kujifukiza udi mpaka gari zima linanuka.

Wamekaa kantini ile ile. Protas kainuka kumpokea, kampa mkono wa kulia, ule ule. Ghanim kaushika na kuuachia haraka, kama sufuria ya moto. Nikaona nitakuwa mie wa kusema siku nzima. Lakini Ghanim kauliza, "Kwenu wapi?"

"Songea, mzee. Mimi Mngoni."

"Mngoni!" Kaka yangu kapiga goti lake kwa kiganja. "Basi wewe mtani wangu! Sisi watu wa pwani na nyinyi watu wa kuja kuja, wapi na wapi! Ndiyo maana risasi ilikutafuta wewe, katikati ya watu wote wale, imwache Mhindi, imwache Mpakistani, imfuate Mngoni!"

Nikafungua mdomo nimwombe radhi. Lakini Protas kacheka. Kacheka kweli, meno nje, kasema, "Aisee mzee, na wewe una shabaha mbaya." Wakacheka wote wawili, na Belinda, na mie mwisho. Hayo mambo ya utani wa makabila wanayajua wenyewe Watanzania, nani mtani wa nani, na nina hakika Ghanim kaubuni wa kwake pale pale kitini. Lakini ulifanya kazi ambayo maneno yangu yote hayakuifanya. Protas kasema maneno yake mbele ya simu, kwamba hana kinyongo, na tumeyapeleka leo leo.

Kwenye gari Ghanim kaniambia mara tatu, "Umemwona alivyocheka?" Kajaa furaha. Nami pia. Ilipofika jioni, wakati nakoroga uji, ndipo nilipokumbuka kwamba hakuuliza mkono unaendeleaje, wala hakusema pole. Nikasema moyoni, kila mtu na njia yake.

Jumanne, 14 Januari

Mvua. Njia za Al Warqa zimejaa maji, Belinda kavua viatu kwenda dukani. Ghanim anamwimbia Mngoni wake bafuni.

Jumamosi, 25 Januari

Afisa kapiga simu: ombi limepanda juu kwa wakubwa. Ghanim kasema hata kama kibali kitachelewa siku chache, atakuja arusini, maana sasa ni kama keshakipata. "Nitakaa tu nitazame. Nimemwalika na mtani wangu, atakaa na mimi safu ya mbele."

Nimempigia Maan kumwambia baba yake anakuja. Nikasikia anavuta kamasi. Mie nililia wazi wazi bila kujificha. Belinda kanikuta nikilia, naye akalia, na vitunguu havikuwepo.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika haya na hina bado mbichi kwenye kidole kimoja, imechafua karatasi.

Turubai lilipigwa mbele ya nyumba yetu, mazulia njia nzima. Alasiri ilikuwa ya hewa nzuri kabisa, baridi kidogo. Wanaume chini, sisi wanawake juu ghorofani nyuma ya mapazia, tunasukumana madirishani. Nilimwona Ghanim anaingia na mwanawe kamshika mkono, nikasema ya Rabbi, sina dua nyingine. Protas alikuja na suti ya buluu, kakaa safu ya mbele kama alivyoahidiwa, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni, kasahau kukivua.

Ngoma ikaanza, safu mbili, fimbo na bunduki. Katikati alikuwa Bassam, rafiki wa Ghanim wa tangu ujana, na bunduki yake mwenyewe yenye kibali. Bassam karusha mara mbili tatu, kisha kafanya jambo ambalo ningepaswa kulijua mapema: kamwendea baba wa bwana arusi na kumpa bunduki. Ndiyo ada. Asingempa, angekuwa kamvunjia heshima mbele ya wakwe. Na Ghanim asingeipokea, angekuwa kakataa heshima. Mtu ambaye kibali chake kiko mezani kwa wakubwa, anayejua kwamba hatakiwi hata kuigusa, kaipokea kwa mikono miwili.

Na mie nilifanya nini? Nilipiga vigelegele. Wa kwanza. Wanawake wote wakanifuata.

Kairusha, ikazunguka juu ya turubai ikameta, kaidaka. Sijui nielezeje. Alikuwa kijana tena. Kairusha ya pili, kaidaka nyuma ya mgongo bila kutazama. Watu wakapaza sauti. Kisha kaanza kucheza kuelekea safu ya wageni, anatikisa mabega, na alipofika mbele ya Protas kasimama, kashusha mtutu mpaka ukamkabili kifuani, kasema kwa sauti iliyofika mpaka juu kwetu:

"Mngoni! Leo mkono upi?"

Protas hakucheka. Alianguka kutoka kwenye kiti, si kwa kujirusha, alianguka tu, kalala kifudifudi juu ya zulia na mikono yote miwili kaiingiza chini ya tumbo, kaificha. Kikombe cha kahawa kilimwagikia mtu wa pembeni. Wapiga ngoma hawakuona, ngoma ikaendelea. Yeye kalala pale pale na ngoma inapigwa. Watu wawili watatu walicheka, wakidhani ni mchezo.

Ghanim naye kacheka. Kageuka kulia na kushoto kutafuta wengine wanaocheka.

Protas kainuka, kakiokota kiatu kilichomtoka, kamwomba radhi yule aliyemwagikiwa kahawa, katoka getini na kiatu mkononi. Hakuna aliyemfuata. Ghanim kairusha bunduki ya tatu, juu kuliko zote, kaidaka vizuri sana. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo ninaloliona mpaka sasa nikifumba macho.

Jumapili, 9 Februari

Nilimngoja amalize chai.

"Umemtisha mtu, kaka."

"Ni utani! Yeye mwenyewe kaukubali. Kaniaibisha mbele ya wakwe, kajilaza chini kama mtoto. Mtu akikutania unatania, basi, khalas."

"Uliwahi kumpiga risasi."

"Nimesamehewa!" Kapiga meza, kikombe kikaruka. "Mahakama imenisamehe, yeye kanisamehe, kilichobaki ni wewe."

Alhamisi, 13 Februari

Belinda kaleta salamu kutoka kwaya. Protas kasema: mwambie mama nimemsamehe tena, ila wasinialike tena.

Ijumaa, 21 Februari

Nilitegemea kila siku simu ya kutuambia yamekwisha, kwamba kuna mtu kasema kuhusu bunduki ya Bassam. Hakuna aliyesema. Linashughulikiwa.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani imeingia. Ghanim kamwita fundi kutengeneza kufuli la kabati la bunduki. Kabati liko ukumbini, njia ya kutoka jikoni. Kila nikipita na futari nalipita. Leo nimegundua kwamba nalipita kwa upande, nimeupa ukuta mgongo.

Siku hizi namtazama kaka yangu na namwogopa kidogo. Si kwamba ni mtu mbaya. Jana kampa mlinzi wa msikiti blanketi lake mwenyewe. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi kwangu. Ninachokiogopa ni kwamba hajaona. Alimtazama yule mtu chini ya miguu yake na hakuona kitu.

Jumanne, 18 Machi

Simu imelia asubuhi, tumekaa ukumbini na saumu zetu. Ghanim kaipokea, uso ukamfunguka, kaweka spika, kanipa mie.

Alikuwa afisa wa kike, sauti changa, adabu nyingi. Kasema wako hatua ya mwisho, kamati inataka kusikia kutoka kwa mtu mzima mwingine anayeishi nyumba hii. Ni swali moja tu, na kaniita khala, mama mdogo, kwa heshima.

"Ya khala, una pingamizi lolote silaha ikiwekwa nyumbani mnamoishi?"

Ghanim kanisogelea magoti yakagusana. Anatikisa kichwa, anatabasamu, midomo inanisomesha bila sauti: sina, sina. Mzee yule, ndevu nyeupe, ananifundisha neno kama alivyonifundisha kuhesabu nilipokuwa mdogo.

Nilimpenda sana wakati ule. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Na kwa wakati ule ule nilikuwa naiona mikono ya Protas inaingia chini ya tumbo lake.

"Ninalo," nikasema.

"Samahani, unasema unalo?"

"Ninalo pingamizi, binti yangu."

Nikasikia anaandika kwenye kompyuta. Kasema asante, Ramadhan Karim, kakata.

Ghanim hakupiga kelele. Kaichukua simu, kaitazama, kaizima spika ingawa hakukuwa na mtu tena. Kasema taratibu, "Saumu imekupiga, Shifaa. Watapiga tena. Utawaambia ulikosea."

"Sitawaambia, kaka."

Hapo ndipo alipoelewa. Nilitamani anitukane. Alinyanyuka kwa kushika mkono wa kiti, kaenda chumbani kwake, na adhana ya magharibi ilipotoka nilimgongea na tende na maji. Kamwita Belinda azipokee.

Alhamisi, 20 Machi

Ujumbe umeingia kwenye simu yake. Belinda ndiye aliyenieleza, kamsikia anausoma kwa sauti: ombi limekataliwa. Hakukuwa na sababu.

Jumanne, 25 Machi

Hasemi nami. Akitaka chumvi anamwambia Belinda, na Belinda ananiambia mie niliyekaa karibu nayo.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Kwetu siku hii watu hutakana radhi, mdogo kwa mkubwa. Nilivaa, nikaenda kwenye kiti chake, nikainama kuubusu mkono wake. Kauacha nibusu.

"Nisamehe, kaka."

"Nimekusamehe, Shifaa." Sauti yake ilikuwa ya upole, kama anavyowaambia watoto wa jirani. "Maan atakuja kukuchukua alasiri. Nimeshamwambia."

Kisha kampa Belinda idi yake kwenye bahasha, kamwuliza kama biriani iko tayari.

Sikubishana. Vitu vyangu sasa ni masanduku mawili. Belinda kayabeba mpaka gari, kanikumbatia, kaniita mama mara nyingi.

Tukatoka mpaka barabara kuu. Nilimwambia Maan mie ndiye niliyemvunjia baba yake kibali, ajue kabisa anamhamishia nani nyumbani kwake.

"Shangazi, ungesema tu huna pingamizi. Wangekataa wenyewe."

"Unajuaje?"

"Nina rafiki kule kwa watu wa vibali. Nilimuuliza Oktoba, kabla hata baba hajapeleka ombi. Mtu aliyempiga mwenzake risasi hawampi tena. Wanaacha ombi lizunguke, wanauliza maswali yao, kisha wanakataa. Angewachukia wao. Sasa anakuchukia wewe."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, miezi yote ile ya hospitali na Al Qusais na kile kiti cha mbele alichowekwa Protas. Tulikuwa tumeshafika kwenye taa za kuingilia Jumeirah Village Circle. Alisubiri mpaka zikawa kijani.

"Nilitaka baba aje arusini," kasema.

Mie pia nilitaka hilo tu.